Jina la Kuita

Hilaria alijiandikisha kwenye mafunzo ya kujihami kwa sababu ya kitasa. Jioni mbili mfululizo, kabla jua halijazama, mtu alikishika kitasa cha geti lake kwa nje, akakizungusha polepole, kisha akaenda zake. Hakubisha hodi wala hakuruka ukuta. Alikuwa anapima tu kama ndani kuna mtu wa kumzuia. Ndani alikuwamo Hilaria, mjane wa miaka hamsini na minane, na cherehani yake.

Mafunzo yalifanyika Jumamosi katika darasa la chekechea pale pale mtaani kwake, Ipagala. Wanawake tisa wazima walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Mwalimu, Gladness, alikuwa askari magereza mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Waliokuja wakitamani mateke ya sinema walivunjika moyo mapema.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," aliwaambia. "Mimi nafundisha uoga wenye akili. Mtu usiyemjua mtazame mikono, sura achana nayo. Asikusogelee zaidi ya urefu wa mkono wako. Akitaka mkoba, utupe huku, wewe kimbilia kule. Akikushika mkono, chomoa kwa upande wa kidole gumba chake, hapo hata jitu la miraba minne huachia. Kupigana ni pale hayo yote yameshindikana."

"Na kupiga kelele, mwalimu?" mmoja akauliza.

"Kelele tupu kila mtu hudhani inamhusu mwenzake. Ita jina. Mtu akisikia jina lake huinuka kabla hajafikiri. Jumamosi ijayo kila mmoja aje na majina matatu ya watu wanaoweza kumsikia akiwa uani kwake."

Kwa wengine hiyo ilikuwa kazi ya dakika moja. Hilaria alikaa na kalamu wiki nzima, karatasi ikabaki nyeupe. Alihamia Ipagala miaka minne nyuma, baada ya kumzika mumewe Sebastiani huko Kondoa. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, lakini binti yake Jenifa yuko Mwanza na hajawahi kukanyaga mtaa ule, kwa hiyo hakuna aliyejua Hilaria ni mama nani. Wateja walimwita mama wa cherehani, na yeye akaitikia.

Kulikuwa na yule mama wa geti jekundu, waliyepakana naye ukuta. Kila asubuhi waliulizana, "Za kuamka, jirani?" wakaulizana upepo, vumbi, na maji kama yametoka. Salamu ndefu, yenye adabu zote, na katika adabu zote hizo hakuna aliyemuuliza mwenzake jina. Mwezi wa kwanza angeuliza bila shida. Mwaka wa nne utaanzia wapi? Aibu hiyo ilimlemea Hilaria kuliko hofu yenyewe, akaapa ataacha karatasi vile vile ilivyo.

Alhamisi kitasa kikazungushwa tena. Safari hii mtu wa nje alikaa kidogo, akakohoa, akaondoka bila haraka.

Jumamosi Gladness alimshika mkono kwa nguvu katikati ya darasa. "Ita!"

Kinywa cha Hilaria kilifunguka chenyewe. "Sebastiani!"

Aliita kwa sauti ile ya zamani, ya kumwita mtu aliye shambani. Hakujua kama bado anayo.

"Safi sana," Gladness akasema. "Anakaa mbali na wewe?"

"Yuko Kondoa. Makaburini."

Gladness akamwachia mkono taratibu. "Pole, dada yangu. Lakini huyo hawezi kuja. Leo hii, kabla jua halijazama, mtafute anayeweza."

Hilaria alitembea hadi kwenye geti jekundu kana kwamba anaenda kuiba. Akabisha hodi. Ndala zikasikika uani, zikakaribia, zikakoma nyuma ya bati. Akabisha mara ya pili na ya tatu.

"Jirani, ni mimi wa hapa ukutani," akasema. "Naitwa Hilaria. Sijaja kuomba kitu. Nimekuja kukuuliza jina lako, ili siku nikipata shida nijue nimwite nani."

Upepo ulipita na vumbi lake. Alikuwa ameshageuka kuondoka sauti ilipotoka ndani, ndogo, ya mtu ambaye hajazungumza tangu asubuhi.

"Angelina." Kisha akaongeza: "Kuna mtu huja kuzungusha kitasa cha geti. Na kwako huwa anakuja?"

"Anakuja."

"Nilidhani ni mimi peke yangu."

Hawakukaribishana. Geti halikufunguliwa, na Hilaria hakumlaumu, kwani na yeye asingefungua. Alirudi nyumbani, akaandika jina moja kwenye karatasi, akakaa kwenye cherehani kumalizia sketi ya mteja.

Jua lilikuwa linazama aliposikia.

"Hilaria!"

Aliinuka kabla hajafikiri. Sketi ikaanguka. Alikwapua mchi jikoni, akakimbia peku hadi ukutani, akihema. "Angelina! Yuko wapi?"

"Hakuna mtu," Angelina alijibu upande wa pili, kwa haya. "Samahani, jirani. Nilikuwa najaribu kama inasikika."

Hilaria aliegemea ukuta, mchi mkononi. Miaka minne, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo katika mtaa ule. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Inasikika," akasema. "Jaribu tena."