Fimbo Nane za Mke Wangu

Mke wangu anaitwa Trekta. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, maana huu ni mwaka wa kumi na tisa anaendesha trekta la kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu. Mwanzoni alinuna. Siku hizi ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho, hageuki.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumba cha mbele na tunaishi vyumba viwili vya nyuma, kwa hiyo wateja wangu wanajua mambo ya nyumbani kuliko ninavyopenda.

Jumatatu wanachama wa klabu hawachezi, na wafanyakazi wanaruhusiwa kuingia uwanjani. Wengi hutumia siku hiyo kulala. Mke wangu yeye aliokota fimbo iliyotupwa na mwanachama mmoja aliyeishiwa subira, akaniletea niitengeneze mpini.

"Mimi nashona nguo," nikamwambia. "Vyuma sivijui."

"Chuma kizima. Kilichooza ni mpini. Ngozi unaijua au huijui?"

Nikaizungushia ukanda wa ngozi, nikaushona kwa mkono. Hivyo ndivyo gofu ilivyoingia nyumbani kwetu. Fimbo moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane, zote za kuokota, hakuna iliyofanana na mwenzake. Nilidhani ni homa ya mwezi mmoja. Tena nilimwambia waziwazi, "Mama watoto, utachekwa." Kila Jumatatu alfajiri alivaa viatu vyake, akaenda.

Mwaka huu klabu iliandaa mashindano ya wazi, wanachama pamoja na wafanyakazi. Trekta akawashinda wanawake wote. Wiki mbili baadaye ikaja barua: amechaguliwa kuwa mmoja wa wanawake wanne watakaoiwakilisha klabu kwenye mashindano ya siku tatu nchi jirani. Kwa ndege. Barua ile niliisoma mara nne, nikaibandika ukutani juu ya cherehani, pale ambapo hata anayekuja kubadilisha kifungo lazima aione.

Siku moja kabla ya safari nilifunga duka saa sita mchana. Kitanda chetu kilikuwa hakionekani. Suruali mbili nilizomshonea, fulana nne, glavu, kofia, viatu vyenye meno chini, mipira ishirini aliyoiosha kwa sabuni mpaka ikang'aa. Dada yake, yaani shemeji yangu, alikuwa amekuja kusaidia, na msaada wake ulikuwa kuongeza vitu. Alileta pasi. Alileta blanketi. Alileta gauni la sherehe.

"La nini hili?" Trekta akamuuliza.

"Ukishinda utapokea kombe na suruali?"

Binti yetu, ambaye ni nesi, aliingia na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia watoto, aliyoiomba kliniki kwao. Tuliifunga kwenye mwamba wa dari, tukatundika sanduku. Mshale ukazunguka mpaka ukagonga mwisho.

"Huyu amenyonya kupita kiasi," binti akasema. "Mnaruhusiwa kilo ishirini na tatu tu, na fimbo humo humo."

Basi ikawa kutoa. Pasi ikarudi kwa mwenyewe, blanketi likafuata. Gauni shemeji alilipigania kama wakili, na tulikuwa bado tunabishana wakati wakili wa kweli alipobisha hodi. Huyu ndiye nahodha wa timu ya wanawake, mama mwenye sauti ya mahakamani hata akiomba maji ya kunywa. Begani alibeba mkoba mweupe unaometa, umejaa fimbo mpya.

"Trekta, nimekuletea hizi," alisema, akauegemeza kwenye kabati. "Ni za mdogo wangu, mwaka mzima hajazigusa. Ziko kumi na nne, seti kamili. Hizo zako ziache zipumzike."

Shemeji tayari alikuwa anaupapasa ule mkoba. Na mimi, sitaficha, moyoni nilisema: chukua. Niliona aibu nikizifikiria zile fimbo zetu za kuokota zikisimama huko ugenini kando ya fimbo za watu.

Trekta alichomoa moja, akasogea kati ya kitanda na mlango, akaizungusha. Sote tukainama.

"Nzuri," alisema. "Nyepesi sana." Akairudisha taratibu. "Wakili, asante, tena asante kwa moyo. Lakini mimi na hizi hatujuani, na shindano ni keshokutwa. Hizi zangu, hata nikikosea, najua mpira utaangukia wapi."

"Sheria inaruhusu kumi na nne. Wewe una nane!"

"Inaruhusu au inalazimisha?"

Wakili akakiri: "Inaruhusu."

"Basi kesi imekwisha."

Aliyecheka kwanza alikuwa wakili mwenyewe. Akachukua moja ya fimbo zetu, akaitazama mpini, akapitisha kidole juu ya mshono.

"Nani ameshona hivi?"

"Huyo hapo," Trekta akanionyesha kwa kidevu. Ghafla nikawa na kazi kubwa ya kutafuta uzi uliopotea.

Lakini wakili alikuwa na jambo jingine. Mkoba wetu wa fimbo ulikuwa wa kitambaa chepesi, na mizigo ya ndege hurushwa. Bila mfuko wa nje wa kuukinga, fimbo zingefika na vichwa vimekatika. Mfuko kama huo hatukuwa nao.

"Nitashona," nikasema.

"Leo?"

"Saa hizi ni saa nane. Ndege ni kesho saa nne asubuhi. Kuna watu wameniletea suti kwa muda mfupi kuliko huo."

Nilikuwa na kipande cha turubai la lori, sponji ya godoro kuukuu, na zipu ndefu niliyoitoa kwenye kochi. Niliupima ule mkoba kama ninavyompima bwana harusi: kifua, kiuno, urefu. Wengine walipoondoka, Trekta alikaa upande wa pili wa cherehani akinivutia turubai, maana lilikuwa zito na mashine yangu ilikuwa inalia. Sindano tatu zilivunjika. Ya nne ikakubali.

"Ulisema nitachekwa," alisema ghafla, macho yakiwa kwenye mshono.

"Nilisema."

"Na sasa?"

Nilisimamisha mguu. "Nilikosea. Jumatatu zote zile wewe ulikuwa unafanya kazi, na mimi nilikuwa naona mchezo."

Alivuta turubai, tukaendelea. Kabla ya magharibi mfuko ulikuwa umesimama wenyewe katikati ya duka, na ubavuni nilikuwa nimeandika kwa uzi mwekundu, herufi kubwa: TREKTA. Tukaupima pamoja na kila kitu. Kilo ishirini na mbili na nusu. Gauni lilikuwemo.

Asubuhi niliwasindikiza yeye na wakili uwanja wa ndege. Foleni ilipofika kwake, kijana wa kaunta alimtazama Trekta, akautazama ule mfuko, akatazama nyuma yake.

"Mama, mwenye fimbo yuko wapi? Lazima aje mwenyewe na pasipoti yake."

Niliona wakili akivuta pumzi, tayari kummaliza. Trekta akamgusa mkono, kumwambia atulie. Akaweka pasipoti yake juu ya kaunta, akaisogeza mbele kwa kidole kimoja.

"Mwenyewe ndiye unayezungumza naye, mwanangu. Shika taratibu, kuna vitu vyangu humo."

Kijana alisoma, akasimama wima, akasema, "Samahani sana, mama. Kila la heri." Mfuko akaubeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala. Mimi nilikuwa nje ya kamba, sina pa kuficha uso. Nilitabasamu mpaka askari akaniuliza kama nimepotea.

Siku ya kwanza mambo yalikuwa magumu. Alipiga simu jioni akasema mpira unapokaribia shimo unakwenda usikotarajia, na timu nzima inalalamika. "Lakini nimeziangalia nyasi zao," alisema. "Wanakata kwa mstari mmoja tu, kila siku upande ule ule. Ukiona zinang'aa, zimelala kwenda mbele, mpira utakimbia. Zikiwa na rangi nzito, zimelala kukujia, ongeza nguvu." Baada ya chakula aliwakalisha wenzake watatu, akawafundisha kwa kusugua zulia la hoteli kwa kiganja, huku na huku.

Siku ya tatu simu ilitoka kwa wakili. Klabu kumi na moja zilishiriki, ya kwetu ikawa ya tatu. Mikwaju themanini na mbili ya Trekta ndiyo iliyokuwa michache, yaani bora, kuliko ya wenzake wote watatu siku hiyo, yeye wakili akiwemo.

"Fundi," aliniambia, na kwa mara ya kwanza sauti ya mahakamani ilikuwa inatetemeka, "mkeo ametubeba."

Nilikuwa bado nimeshika simu wakati mteja mmoja alipoingia kuchukua suruali niliyomwahidi wiki iliyopita. Haikuwa tayari. Nikamvutia kiti, nikakifuta vumbi, nikamwambia akae kwanza, suruali tutaizungumza baadaye.