Darasa Lililolala Barabarani

Siku ya wageni katika shule ya serikali ya mtaa wetu, Lachlan Prowse alipanga foleni ya soseji, akapewa yake ndani ya slesi ya mkate na vitunguu juu, akaila huku sosi ya nyanya ikimchuruzika mpaka kwenye saa ya mkononi. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, baridi ya Melbourne ndiyo kwanza inaanza kuuma. Mkewe, Bronwyn, alikuwa anapita akinusa vyoo. Binti yao, Orla, wa miaka minne na ushee, alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye vyuma vya kuchezea pamoja na Marnie, mtoto wa jirani. Orla alikuwa ameshawaambia wazazi wake kwamba anataka kusoma hapo, na Marnie, basi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Na chumba cha muziki kiko wapi?" Lachlan alimuuliza mwalimu mkuu, Bi Gwenda Stace.

"Kimehamia kule juu," alisema Bi Gwenda, akielekeza koleo la soseji ng'ambo ya barabara, kwenye kilima chenye shule binafsi. "Kiliondoka na familia moja ya mtaa wa nyuma."

"Aha," alisema Lachlan, akajipangusa kidevu.

Kwetu ndivyo ilivyo. Familia ikiikimbia shule ya serikali, chumba kimoja kinang'oka na kuifuata. Maktaba ilikwenda hivyo hivyo, alasiri wakati watoto wanatoka, ikivuka taratibu na vitabu vyake vyote, huku Beverley, mama anayewavusha watoto barabara, akiwanyooshea madereva kibao chake cha kusimamisha magari. Waliokuwa na haraka walipiga honi. Shule ya juu inavipokea vyumba hivyo bila hata asante. Ina mabwawa mawili ya kuogelea, na bado inalalamika kwamba imebanana. Sisi tumezoea. Chumba kikianza kutikisika, tunajua kutakuwa na foleni ya magari, tunakwenda dukani kwa mguu.

Sasa kwa watoto wanaoanza shule kilikuwa kimebaki chumba kimoja tu. Kikiondoka hicho, Marnie na wenzake watasomea nje. Bi Gwenda alimweleza Lachlan jambo hilo waziwazi, bila kuzungukazunguka. Lachlan alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, akaomba soseji ya pili.

Akina Prowse ni watu wenye maoni mazuri sana, waulize wenyewe. Shule ya serikali wanaipenda kwa moyo wote, wanaitetea kwenye kila karamu mpaka divai inapata joto mkononi, mradi anayesoma humo awe mtoto wa mwingine. Jina la Orla liliandikishwa kule juu angali tumboni, kabla hata hajapata jina. Waliandika "mtoto Prowse". Bronwyn anasema ilikuwa ili mlango usije ukafungwa. Watu hawa na hofu yao ya milango!

Halafu akaja Noreen, mama yake Bronwyn, ambaye kwake hakuna shule isipokuwa ya parokia.

"Mtoto hajabatizwa," alisema Noreen. "Mtakwenda kwa padri na uso gani?"

"Tutambatiza, Mama. Jumapili hii."

"Na wewe kanisani mara ya mwisho ulikanyaga lini?"

"Siku ya harusi yangu."

"Haya. Kaa nyuma, na usimame wenzako wakisimama."

Orla alibatizwa katika gauni lililomfika magotini, akamuuliza padri kama maji yale ni ya bomba. Padri hakuuliza chochote. Msimu wa kuandikisha watoto imani inawapanda watu wa mtaa wetu kama homa, na yeye ana zamu tatu za ubatizo kila Jumapili. Walipotoka nje, chumba cha wagonjwa cha shule ya serikali kilikuwa kimeshawafuata mpaka nyuma ya kanisa, na mapazia yake yakipepea. Noreen alikizunguka ili kulifikia gari.

Kwa hiyo Orla akawa na nafasi kule juu, nafasi ya parokia, na nafasi ya hapa chini, ambayo hawakuiachia kwa sababu haikuwagharimu kitu. Mtoto mmoja, makalio mawili, viti vitatu.

Kisha Lachlan akaiona ada ya kule juu, akaanza kusita, na darasa lile moja lililobaki likasita naye. Jumatatu lilitoka getini, likafika katikati ya barabara, likasimama. Bronwyn akisema "Na marafiki atakaokuja kuwahitaji ukubwani?" linasogea mbele. Lachlan akisema "Lakini ya hapa chini siyo mbaya kiasi hicho" linarudi nyuma. Wiki nzima hivyo! Ndani yake mwalimu aliendelea kufundisha irabu, na watoto wakawa wanawapungia mikono madereva wa mabasi. Beverley alijiletea kiti na chupa ya chai.

Alhamisi asubuhi Craig Tuckwell, baba yake Marnie, aligonga mlango wa akina Prowse. Craig ni fundi bomba, na anampita Lachlan kwa mapato. Sote tunajua, maana vyoo vyetu ndivyo vilivyomtajirisha. Angetaka, Marnie angesoma kule juu na baba mtu akabakiwa na hela ya boti. Anampeleka shule ya serikali kwa sababu iko jirani, na mpaka leo hakuna aliyefaulu kumweleza kwa nini huo ni ushamba.

"Lachlan! Toka nje, ndugu yangu. Kuna mtu ng'ambo choo chake kimefurika, na darasa lenu limelala njiani kama ng'ombe. Amueni basi!"

"Siyo jambo la kukurupuka, Craig. Ni maisha ya mtoto."

"Mtoto yupi? Wangu anaanza mwakani. Mkiondoka na chumba atakaa wapi, kwenye ndoo?"

"Tuko pamoja nanyi kabisa," alisema Bronwyn kutoka dirishani. "Tulitia hata saini kwenye kampeni ya kuitetea shule."

"Saini ya nini, mama? Mleteni mtoto! Si mwenyewe keshasema anataka?"

"Orla ni mtoto wa kipekee. Anahitaji kusukumwa."

"Toroli ninalo," alisema Craig. "Namsukuma mwenyewe mpaka getini, bure."

Orla alitokea akiwa na nguo za kulalia. "Nataka kwa Marnie," alisema, kwa sauti ya kutosha.

"Tumekusikia, kipenzi," alisema Bronwyn, "na tunayathamini sana maoni yako." Akambeba, akamrudisha ndani, akafunga mlango.

Uamuzi ulipatikana Jumapili, kwenye nyama choma nyumbani kwa bosi wake Lachlan. Bosi alikuwa anageuza nyama, akauliza, hata hakuinua macho, "Binti anakwenda wapi mwakani?" Lachlan alifungua mdomo aseme kwamba bado wanafikiria, na kilichotoka kikawa "Kule juu". "Safi," alisema bosi, akamchagulia kipande kinono. Shule tatu walizunguka, mtoto wakambatiza, barabara wakaifunga wiki nzima, na mwisho wa yote ubavu wa kondoo ndio uliokata shauri. Puu!

Jumatatu darasa halikusita tena. Beverley aliwashusha watoto ukingoni mwa barabara, kila mmoja na kiti chake, na mwalimu akashuka na birika, kwa sababu kule juu hawakualikwa. Chumba kikapanda kilima chenyewe. Walikiweka nyuma ya bwawa la pili, na sasa wanahifadhia humo makasia ya timu ya mashua.

Mwaka mpya wa shule ulianza kwenye joto la kukaanga mayai barabarani. Marnie na wenzake walisomea kwenye uwanja wa netiboli, chini ya turubai ambalo Craig huenda nalo kwenye mpira. Bi Gwenda aliwaita majina, nao wakaitikia wakiwa wamekunja macho kwa jua.

Beverley aliinua kibao, gari la Bronwyn likasimama mbele ya uwanja. Nyuma alikaa Orla, akiwa na koti la sufu lenye nembo na kofia pana ya majani. Alishusha kioo, akatoa mkono.

"Marnie!"

Marnie alisimama juu ya kiti chake, akapunga mikono yote miwili.

"Unaona, kipenzi?" alisema Bronwyn, kwa huruma ya kweli kabisa. "Maskini, hawana hata chumba. Ungewezaje kusoma pale?"

Orla aliendelea kupunga.

"Ingiza mkono," alisema mama yake. "Ubaridi wa gari unatoka."

Orla akaingiza mkono, na kioo kikapanda.