Chumvi Kwenye Finjani ya Profesa

Profesa Muhlis, bingwa wa upasuaji katika mji wa Kayseri, alikuwa na imani moja aliyoishika kuliko sala zake: kwamba usingizi ni maradhi ya vijana wa siku hizi. "Sisi enzi zetu tulikaa zamu siku tatu mfululizo, na hakuna aliyekufa," aliwaambia madaktari waliosomea ubingwa chini yake. Hakuna aliyekufa! Labda alimaanisha miongoni mwa madaktari. Yeye mwenyewe kila baada ya chakula cha mchana alijifungia ofisini eti anasoma majarida, na majarida hayo yalikoroma mpaka ukayasikia koridoni.

Sasa, Mungu naye ana vituko vyake. Kati ya wanaume wote wa Kayseri, Daktari Feraye, mwaka wake wa pili chini ya profesa huyo huyo, alikwenda kumpenda Kutay, mtoto wa pekee wa profesa huyo huyo. Kutay alikuwa mhandisi wa maji, mpole, mwenye macho maangavu ya mtu anayelala usiku mzima. Walipendana kwelikweli. Kikwazo kilikuwa mzee.

"Msichana sina neno naye," alimwambia mwanawe. "Ila nilimkuta siku moja anasinzia mbele ya mgonjwa. Nikimwona anasinzia tena, posa hiyo sahau. Daktari legelege haingii nyumbani kwangu."

Basi posa ikapangwa Jumamosi alasiri. Na zamu ya Ijumaa usiku akapangiwa nani? Feraye. Nani aliyeipanga? Mimi msiniulize.

Aliingia hospitali Ijumaa asubuhi, akashinda, akakesha, kisha Jumamosi akazunguka wodini nyuma ya profesa, aliyekuwa ametoka kitandani kwake ananukia sabuni. Alipofika nyumbani adhuhuri, mama yake, Bi Mukadder, alimtazama mlangoni akashika shavu.

"Yarabi! Mwanangu, wanakuja kukuposa au kukuzika?"

"Mama, nilale kidogo tu."

"Ulale nini? Wewe ukilala hata mzinga haukuamshi! Nawa uso, uvae. Utalala ukishaolewa."

"Nani kaolewa akalala, mama? Wewe?"

"Nyamaza uvae!"

Wageni wakaja na maua na chokoleti zao. Profesa akalijaza kochi kubwa, mkewe Bi Suheyla akakaa ubavuni mwake, na Kutay akaketi kando, tai imemkaba. Mzee Seyfi, baba yake Feraye, mstaafu wa posta na mtu wa maneno machache, aliwakaribisha kwa neno moja. Feraye alikaa kwenye ncha ya kiti akijifinya paja. Kila profesa alipomtupia jicho, alitabasamu kwa nguvu zote.

"Na kupika je, mwanangu, unapenda?" Bi Suheyla aliuliza.

"Mpimeni presha, nakuja," Feraye alijibu.

"Anatania huyo!" Kutay akadakia, akicheka peke yake.

Ikabaki kahawa. Kule Kayseri anayeposwa ndiye anayeipika, na finjani ya mchumba huitia chumvi badala ya sukari. Kijana akiimaliza bila kukunja uso, watu hutikisa vichwa: huyu ndoa ataiweza. Posa yenyewe haitamkwi mpaka kahawa inyweke. Kwa hiyo Feraye alibakiza kahawa tu, kisha maneno ya profesa, kisha ndiyo ya baba, kisha kitanda. Maskini, alijipa moyo kwa kitanda hicho kuliko kwa bwana harusi. Alisimama jikoni mbele ya mdila, macho wazi, na hapo hapo akalala. Mikono ikaendelea na kazi yenyewe, kama ilivyozoea wodini: kijiko, mkebe, koroga.

Akaleta sinia, akagawa. Kutay alivuta pumzi, akajikaza kiume, akapiga funda. Tamu kama asali! Alikuwa bado anajiuliza mapenzi gani haya, hata chumvi kanionea huruma, aliposikia Mzee Seyfi anakohoa. Bi Suheyla alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Profesa, ambaye kwa tamaa yake alikuwa amebugia nusu finjani, macho yalimtoka pima.

"Hii ni kitu gani?"

"Baraka! Ni baraka hiyo!" Bi Mukadder alisema.

"Baraka gani? Daktari mzima anashindwa kutofautisha mikebe miwili ya jikoni kwao? Kumbe nilisema kweli! Huyu kalala kasimama!"

Feraye aliona posa yake inakwenda na maji. Alifungua kinywa aombe radhi, kisha uso ukamgeuka rangi kabisa.

"Kutay, nipe simu."

"Sasa hivi? Unampigia nani?"

"Wodini. Asubuhi nilimchanganyia dripu yule mama wa kitanda cha dirishani." Alimgeukia profesa. "Zile chupa ndogo mbili, mwalimu. Zinafanana kuliko mikebe ya mama. Moja ni maji ya chumvi, nyingine ikizidi inasimamisha moyo. Na nilikuwa hivi hivi nilivyo sasa. Ulipita ukaniambia nifanye haraka."

Mzaha ukaisha. Wengine hawakujua chupa zipi, lakini profesa alizijua vizuri sana. Aliinyakua simu kabla ya Feraye, na mkono ule uliosifiwa Kayseri nzima kwa kutotetemeka ulikosea namba mara mbili.

"Yule mama wa dirishani! Vipi hali yake?"

Sauti ya muuguzi ilisikika chumba kizima. "Hajambo, Profesa. Kanywa supu yake, sasa kalala."

Kalala! Bila shaka, wodi ile ruhusa hiyo ni ya wagonjwa tu.

Profesa alijifuta jasho. "Mnaona? Hakuna kilichotokea."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Feraye. "Hakuna aliyekufa."

Bi Suheyla alimpiga mumewe kiwiko. Basi profesa, sijui kwa aibu au kwa kutaka kwenda zake, akajikohoza akatamka: "Kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume, tunamwomba binti yenu Feraye kwa mwanetu Kutay. Mahari aseme mwenyewe."

"Sitaki dhahabu," Feraye alisema, ulimi mzito. "Daktari akitoka zamu ya usiku, aende kwao akalale. Wote, si mimi peke yangu. Hiyo ndiyo mahari yangu."

Profesa aliisukuma finjani yake kando.

"Omba dhahabu, mwanangu," alisema kwa upole. "Dhahabu ipo."

Lakini Feraye hakuwa anasikia tena. Kichwa kilikuwa kimemwangukia mama yake begani, mdomo wazi, usingizi wa wazi mbele ya profesa, kitu kile kile alichokiogopa wiki nzima. Kutay alivua koti lake akamfunika, hakumtazama baba yake. Kisha wote wakamgeukia Mzee Seyfi, maana jibu la posa ni la baba.

Mzee aliwaangalia mmoja mmoja.

"Binti yangu kalala," alisema. "Jibu mtalipata akiamka mwenyewe. Hakuna wa kumwamsha humu." Akaisogeza finjani karibu na profesa. "Subirini tu. Kahawa ipo."