Beringi Zote kwa Pamoja

Mwaka 1999, duka la vipuri la Mzee Jaswant mjini Kisii lilikuwa limeanza kuuza kwa kompyuta. Muuzaji wa kaunta alifungua kurasa kama za intaneti, zikitoka kwenye seva iliyowekwa stoo. Programu ilitengenezwa na Ishan, mpwa wa mzee. Adongo aliajiriwa kuitunza.

Ishan aliijaribu kwa kipuri kimoja kimoja, ikaenda vizuri. Lakini wateja wa pale hawaulizi hivyo.

"Nionyeshe beringi zote," alisema Nyangate, fundi kutoka Suneka. "Nichague kwanza, halafu tugombanie bei."

Ukurasa ukaganda. Watu kwenye foleni wakaanza kusonya.

"Hii mashine imekunywa chang'aa?" Nyangate akauliza.

Adongo na Ishan wakakimbilia stoo kuangalia seva, Mzee Jaswant akawafuata. "Isipofanya kazi kabla ya saa sita, naing'oa. Na wewe Adongo, hutakuwa na kazi hapa."

"Shida ni vipande vyake," Adongo alisema. Kila kipuri, Ishan alikiundia kipande chake cha programu, kinachokwenda chenyewe kwenye hifadhidata kuuliza bei. "Ni kama kununua nyanya moja, urudi nyumbani, uende tena sokoni kwa nyingine."

"Programu safi hujengwa hivyo," Ishan alisema. "Wewe dada, kazi yako ni kupangusa vumbi."

Adongo aliandika upya ukurasa wa orodha: ombi moja tu, bei zote zikaja pamoja. Ukafunguka papo hapo. Nyangate akanunua, wengine wakafuata.

Ishan alisimama kando ya kaunta, amekunja mikono. Foleni ilipokwisha ndipo aliposema, "Mjomba, tazama risiti. Kodi iko wapi?"

Haikuwepo. Hesabu ya kodi ilikuwa ndani ya vile vipande, na Adongo alikuwa amevikwepa.

"Nimekosea," alisema. "Naiongeza sasa hivi."

"Amekutia hasara asubuhi nzima. Mfukuze!"

Mzee alimgeukia Ishan polepole. "Wewe uliona lini?"

"Kwa yule fundi wa Suneka."

"Yule wa kwanza? Ukaniacha niendelee kuuza?"

Mzee akampa Adongo ile risiti.

"Adongo, weka kodi. Kazi unayo. Ishan, hugusi tena seva mpaka yeye akuruhusu."

"Kesho narudisha programu yangu," Ishan alinong'ona mzee alipoondoka.

"Rudisha," Adongo alisema bila kuinua macho. "Lakini fundi akija kuuliza beringi zote, kwenye kaunta usimame wewe."