Gitaa Jekundu la Baba Mkwe

Fundi rangi wa magari alidhani anamfanyia mkewe hisani. Gitaa la umeme la Kijapani aliloliacha marehemu baba mkwe lilikuwa limechakaa, na sasa linauzwa. Akalipiga msasa, akalipulizia rangi nyekundu ya gari.

Mnunuzi, mama wa makamo anayepiga kwenye bendi ya harusi, aliligeuza pale sebuleni, akaguna.

"Sasa fundi, nani alikutuma? Magitaa haya watu wanayataka na makovu yake."

"Mimi niliona uzee ni kasoro."

"Basi na wewe tukupige msasa."

Fundi hakucheka. Mkewe alikuwa jikoni, hajamsemesha tangu alione gitaa likiwa jekundu. Kama ameliharibu, atamwambia nini?

Yule mama akachomeka waya kwenye spika aliyokuja nayo, akagusa uzi mmoja tu. Sauti ikatoka nene, tulivu, ikajaa chumba mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Fundi nywele zikamsimama. Miaka yote aliliona kama ubao wenye nyaya. Sasa aliogopa hata kukohoa.

Mkewe akatoka jikoni, mikono inachuruzika maji.

"Baba huyo," akasema taratibu. "Ndivyo alivyokuwa akituamsha."

Mama wa watu akaendelea kupiga, kafumba macho.

"Tusiuze?" fundi akanong'ona.

"Muuzie huyu huyu. Sisi tutalinyamazisha tena." Mkewe akaketi sakafuni, akamvuta mumewe naye akae. "Ila amalize kwanza."