Nakala ya Hukumu ya Spana

Dada Bucha alikuta mlango umefungwa kwa ndani, na nyuma ya mlango huo mdogo wake alikuwa akipiga kelele ambazo si za binadamu. Zilikuwa kelele za mnyama aliyechinjwa na mtu asiyejua kuchinja. Miaka yake yote ya kuuza nyama alizisikia mara chache tu, na kila mara alimfukuza kazi mchinjaji. Hakubisha hodi. Alirudi nyuma, akaupiga mlango kwa bega, kitasa kikang'oka.

Ndani, shemeji yake, fundi magari ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, alikuwa amemkalia mkewe kifuani. Taya alikuwa ameshalivunja. Sasa alikuwa ameubana mkono wa mwanamke sakafuni, na kwa spana ndefu ya magurudumu akiponda vidole, kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama anayetwanga vitunguu saumu.

"Shemeji, mambo ya ndani hayakuhusu," alisema, bila hata kuinuka.

Dada Bucha alikamata mguu mmoja wa kigoda akamshushia nacho kisogoni. Kigoda kikapasuka. Akamshushia tena kwa kipande kilichobaki, na angeendelea kama majirani wasingemvuta. Polisi walimtoa Spana damu ikimchuruzika kwenye kola, anacheka.

Mdogo wake, ambaye nyumbani kwao walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, alilazwa hospitali. Taya lilifungwa kwa waya, mkono ukafungwa bendeji hadi kiwikoni. Dada mtu alikaa kando ya kitanda, na akili yake ikawa inakwenda kwenye visu vyake. Alijua mahali pa kumgusa mtu mwenye shingo kama ya Spana ili kazi isichukue muda. Siku ya mahakamani ilipofika, alimkabidhi mumewe funguo za bucha.

"Nikizitaka leo, usinipe."

Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache, tena mwoga wa damu, japo damu ndiyo iliyomlisha. "Hata ukinipiga?"

"Hasa nikikupiga."

Mahakamani wakili wa Spana alisimama, akaweka sawa koti lake. "Mheshimiwa, mshtakiwa ni fundi, ana makazi ya kudumu, na hajawahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Tunaomba dhamana."

"Mwongo!" Dada Bucha aliruka kutoka kwenye benchi. "Alifungwa! Alimtoboa jicho mke wa kwanza!"

Askari alimketisha kwa mabega. Hakimu alimgeukia mwendesha mashtaka, naye akapekua karatasi zake, akakiri kwamba majibu ya alama za vidole, yanayoonyesha kama mtu amewahi kufungwa, yalikuwa hayajarudi. Hakimu akasema atatoa uamuzi wa dhamana mchana, baada ya mapumziko.

Mwendesha mashtaka, kijana mwenye suti inayombana, alimfuata Dada Bucha barazani. "Mama, nakuamini. Lakini kuamini kwangu hakumzuii mtu kwenda nyumbani. Kesi hiyo ilisikilizwa wapi?"

"Mahakama ya ng'ambo ya reli."

"Nenda masjala yao, kule wanakotunza majalada. Omba nakala ya hukumu, wakupigie mhuri kwamba ni nakala halisi. Hukumu ikishasomwa hadharani ni ya watu wote, yeyote ana haki ya kuiomba. Niletee kabla hakimu hajarudi. Akitoka leo..." 

Kwenye benchi la nyuma yao alikaa mdogo wake Spana, baunsa wa ukumbi wa muziki, mtu mwenye mabega kama mlango wa stoo. Alisikia kila neno.

Masjala ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya ngazi nyembamba za saruji. Rafu zilifika darini, majalada yamefungwa kwa kamba kama mizigo ya wasafiri waliokwisha kufa. Karani alikuwa mama mnene mwenye kikohozi.

"Namba ya kesi?" aliuliza bila kuinua macho.

"Sina."

"Mwaka?"

"Kabla hajamwoa mdogo wangu. Miaka sita, labda saba iliyopita."

"Jina la mshtakiwa?"

Dada Bucha alilitaja. Karani alicheka hadi akakohoa. "Wenye jina hilo ninao kama njugu. Wezi wa kuku, walevi, wapiga watu. Bila namba nitapekua mpaka kesho kutwa."

"Mama, mdogo wangu amevunjwa taya. Huyu mtu anatoka leo."

Karani aliinua macho, akaziona kucha za Dada Bucha zilizokuwa bado na damu kavu ambayo sabuni ilishindwa kuiondoa. Sauti yake ikashuka. "Mlalamikaji wa kesi ile yu hai? Mtafute. Mlalamikaji hasahau namba yake."

Msusi, mke wa kwanza wa Spana, alikuwa na saluni nyuma ya soko. Dada Bucha alimkuta ameshika nywele za mteja, jicho moja linafanya kazi, kope za lile jingine zimeshonwa zikafungwa. Kabla ya harusi ya Kitinda mwanamke huyu alikuja kuwaonya, na ukoo mzima ulimfukuza kwa matusi, wakisema ni wivu wa mke aliyeachwa.

"Nilijua mtarudi," Msusi alisema. "Nilikuwa najiuliza tu mtarudi na mgonjwa au na msiba."

"Na mgonjwa. Nisaidie, dada. Matusi yale nitayalipa siku nyingine."

 Msusi alichomeka kitana chake chenye mkia wa chuma kwenye nywele zake, akamwambia mteja asubiri, na mteja akabaki na nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama fagio.

Namba aliitamka mlangoni mwa masjala kabla hajaulizwa. Karani alipanda kingazi, akarudi na jalada lililojaa vumbi. Dada Bucha aliandika barua ya maombi akiwa amesimama, msajili wa mahakama akaisaini, mashine ya kunakili ikatoa kurasa moja moja, na mhuri ukapigwa kwenye kila ukurasa.

"Nionyeshe," alisema Msusi. "Sijawahi kuisoma."

Alisoma akiwa ameinamisha kichwa upande wa jicho zima. Hakimu wa wakati ule aliandika kwamba mshtakiwa alitumia bisibisi. Kwamba mlalamikaji aliburutwa kwa nywele toka jikoni hadi uani. Kwamba kutokana na mateke alipoteza ujauzito.

"Nilipoteza," Msusi alisema polepole. "Kama mtu aliyepoteza funguo."

Walianza kushuka, nakala ikiwa kwenye bahasha. Katikati ya ngazi, baunsa alikuwa amesimama akiziba njia.

"Lete hiyo karatasi, mama nyama."

Hakungoja jibu. Ngumi ya kwanza ilimpasua Dada Bucha mdomo, ya pili ikampeleka ukutani, na bahasha ikawa mikononi mwa yule mwanaume. Aliichana vipande viwili, vinne, kisha, kwa ujinga wa mtu mwenye nguvu nyingi, akatia vipande vya ukurasa mzima mdomoni na kuvitafuna.

"Pelekeni sasa!" alisema, mate ya wino yakimtoka.

Msusi alichomoa kitana kichwani. Mkia wake wa chuma ulizama kwenye paja la baunsa hadi kwenye meno ya kitana. Alipoinama akilia, Dada Bucha alimpiga goti la uso, akahisi pua ikivunjika chini ya ngozi, kisha akamkamata mkono na kuupinda kinyume, kwenye kiungo, pale pale ambapo kila siku hutenganisha mguu wa mbuzi. Kiungo kiliachia. Baunsa aliviringika ngazi zilizobaki, akatua chini, mfupa wa mkono umetoboa shati.

Na ubaya ni huu: Dada Bucha alitaka kumfuata. Alishuka vidato viwili, damu ya mdomo wake ikimdondokea kifuani, macho yakiwa kwenye shingo ile. Msusi alimshika kiuno kwa nguvu zote.

"Siye huyu! Dada, siye huyu!"

Juu ya ngazi karani alikuwa amesimama, mkono mdomoni akizuia kikohozi chake. "Askari wanakuja kumchukua," alisema. "Karatasi imeliwa, lakini jalada bado liko mezani kwangu. Pandeni niwatolee nyingine."

Mchana hakimu aliisoma nakala ile ya pili. Wakili wa Spana aliomba kuiona, akaiona, akakaa. Dhamana ikakataliwa. Ndipo Spana aliporuka kizimba, akamfikia Dada Bucha na kumkaba koo kwa mikono yote miwili. Ilibidi askari watatu wamtwange kwa marungu hadi vidole vikaachia, jino lake moja likabaki sakafuni. Safari hii hakucheka.

Jioni wanawake wawili walikwenda hospitali, Dada Bucha mdomo umeshonwa. Kitinda aliwatazama. Dada yake alimweleza yote: jalada, ngazi, dhamana, mahabusu. Machozi yakamtoka Kitinda, na midomo ikajaribu neno kati ya zile waya.

"A... me... kula?"

Dada Bucha alidhani hakusikia vizuri. Kisha akaelewa kwamba mdogo wake anamuulizia Spana, kama kule mahabusu amepata chakula. Akahisi hasira ikipanda kumzidi ile ya kwenye ngazi, akafungua mdomo, nyuzi zikamvuta.

Msusi alimtangulia. Alikaa kitandani, akaushika ule mkono mzima wa Kitinda.

"Mimi niliuliza hivyo hivyo," alisema. "Jicho langu likiwa kwenye pamba, niliuliza kama kuna mtu amempelekea chakula. Lia, mwenzangu. Kesho utauliza tena. Siku moja utasahau kuuliza."

Dada Bucha alitoka kwenye korido, akaegemea ukuta, akalia kwa sauti hadi muuguzi akaja kumuuliza amefiwa na nani.