Propela ya Salehe

Fundi Castory wa Msamvu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: neno "sijui" lilikuwa halimtoki mdomoni. Miaka ishirini anafungua Landrova na Pijo, ataanzaje kutojua? Basi enzi ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, ikaleta vigari vya Kijapani, na mtani wake Salehe, Mnyamwezi wa Tabora, akajipatia kimoja chekundu. Kikikata kona kinalia ka-ka-ka-ka. Na ndicho hicho kilichokuwa kimpandishe Felista, bintiye Castory, kwenda kufunga ndoa Mgeta siku ya Jumamosi. Njia ya Mgeta nayo ni kona tupu!

Castory akaingia uvunguni kutafuta propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Hola! Akatoka jasho likimtiririka.

"Pole sana, Salehe. Umeibiwa propela."

"We Mluguru! Sasa hapa nimefikaje, nimesukumwa na mashetani?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Castory hakucheka. Akilini alishamwona Felista amevaa shela, anapanda mlima kwa miguu, viatu mkononi. Roho ikamuuma.

"Mtani," akasema taratibu, "haki ya Mungu, gari hii siijui."

"Ungesema mapema! Hii inavuta kwa mbele. Fungua tairi tutazame wote."

Wakaikuta shafti fupi inayozungusha gurudumu la mbele. Mpira unaofunika kiungo chake umechanika, grisi imekwisha, mchanga umeingia na gololi zimelika. Castory akaichomoa kwa pupa, oili ya giaboksi ikammwagikia kifuani, maana alisahau kuimwaga kwanza. Salehe akafuata shafti nyingine Dar. Ijumaa ikafungwa, na Castory akakizungusha kigari uwanjani, usukani umekatwa mpaka mwisho, kulia na kushoto, sikio nje ya dirisha. Kimya.

Jumamosi Felista akashuka mlangoni mwa kanisa, shela jeupe pee. Castory akalia mbele za watu wala hakujificha.

Wakati wa zawadi, Salehe akaja na wenzake wamebeba kitu kirefu kilichoviringishwa khanga.

"Baba bibi harusi, polisi wameipata!"

Khanga ikafunuliwa: propela kuukuu ya Landrova, imepakwa rangi nyekundu. Ukumbi ukalipuka.

"Haya fundi, kwenye gari langu inafungwa wapi?"

Castory akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza.

"Sijui!" akasema, akacheka mpaka akakaa chini.